Sponji wa kwanza hakuwa na miiba

Juzi wakati wa bamvua maji yalikupwa mbali pale Kunduchi, nikashuka mwambani na wanafunzi. Mmoja akageuza jiwe ndani ya kidimbwi, akakuta kitu chekundu kimeling'ang'ania. "Mwalimu, hili si dodoki la baharini?"

La. Dodoki ni tunda la mmea unaotambaa uani. Huyu ni mnyama, sponji. Nikavuta rangi ya keki kwa bomba la sindano, nikaiachia taratibu ubavuni pake. Rangi ikanywewa na vitundu vidogo visivyoonekana, kisha ikachomoza juu kwenye tundu moja pana, kama moshi wa kibatari. Wote wakanyamaza.

Kinachovuta maji hayo ni seli zenye mkia mmoja unaopiga kama mjeledi, umezungukwa na kola ya vinyweleo. Miaka ya 1860 Mmarekani Henry James-Clark aliona kwamba zinafanana mno na koanoflajelati, viumbe vya majini vyenye seli moja tu. Leo jeni zinaonyesha kuwa hao ndio ndugu wa karibu zaidi wa wanyama. Na mwaka 1907 mwanabiolojia H. V. Wilson alimkamua sponji kwenye kitambaa cha hariri hadi seli zikatengana. Zikatambaa, zikashikana, zikaunda sponji upya! Nimelifundisha hili miaka mingi na bado linanisisimua.

Kazi iko kwenye umri: sponji alianza lini duniani? Miiba ya sponji, vijiti vidogo vya kioo au vya chokaa vinavyoushikilia mwili wake, huonekana wazi kwenye miamba kuanzia enzi ya Kambria, kama miaka milioni 540 iliyopita. Hesabu za DNA zinampeleka nyuma zaidi. Mwaka 2009 watafiti walieleza mabaki ya mafuta ya sponji kwenye miamba ya Oman yenye zaidi ya miaka milioni 635. Wengine wakajibu kuwa hata mwani unaweza kuyaacha. Mimi nasimama na wanaosema sponji wa mwanzo alikuwa laini, hana mwiba, akaoza bila kuacha mfupa wa kumshuhudia. Kisukuku cha China kilichotangazwa 2024, Helicolocellus, kinanipa moyo: umbo ni la sponji, miiba ya madini hakuna.

Kama ni sponji aliyejitenga kwanza kwenye ukoo wa wanyama, au ni tenofora, wale laini wanaofanana na yavuyavu, ubishi unaendelea. Utafiti wa kromosomu wa 2023 uliegemea tenofora.

Maji yalipoanza kujaa, mwanafunzi yule alilirudisha jiwe kama lilivyokuwa, upande mwekundu chini, mchanga usije ukamziba vitundu.