Kusamehewa na FERC si kusamehewa kupanga

Kila mjadala wa umeme wa Marekani ukigusa njia za kusafirisha umeme, kauli inayozuka ni ile ile: mashirika yanayomilikiwa na miji, wilaya au serikali yenyewe hayako chini ya FERC, tume ya shirikisho inayosimamia nishati, kwa hiyo yanajenga laini yanavyotaka. Nimechoka kuisikia, hasa kwa sababu nusu yake ni kweli.

Tuanze na jina. Sheria ya Nishati ya Shirikisho ya 1935 inatumia jina "public utility", ambalo ukilitafsiri neno kwa neno unapata "shirika la umma", kumbe maana yake ni karibu kinyume: kampuni za wanahisa, ambazo FERC inasimamia bei na masharti yao. Shirika ambalo ni mali ya umma hasa, kama lile la mji wa Seattle, au Bonneville ya serikali ya shirikisho kwenye bonde la mto Columbia, limewekwa kando na kifungu cha 201(f). Anayesoma amri za FERC huku akiiwazia TANESCO atazielewa kichwa chini miguu juu.

Lakini someni kifungu chote, jamani. Kinasamehe isipokuwa pale kifungu kingine kinapowataja waziwazi. Na vipo vinavyowataja.

Amri ya 890 ya 2007 na ya 1000 ya 2011, zinazodai upangaji wa wazi na mipango ya kikanda, zinaelekezwa kwa kampuni. Shirika la mji huzifuata kwa njia ya nipe nikupe: ukitaka kupitisha umeme wako kwenye laini za jirani kwa masharti yake ya wazi, nawe fungua zako. Kifungu cha 211A cha sheria ile ile kinaipa FERC nguvu ya kudai kwamba unaowasafirishia umeme uwatendee kama unavyojitendea mwenyewe. Bonneville ilikumbana nacho 2011 kwa malalamiko ya wazalishaji wa umeme wa upepo.

Kinachobana kila siku ni kifungu cha 215. Tarehe 14 Agosti 2003, laini za Ohio ziligusa miti na watu wapatao milioni 50 wakakosa umeme. Mwaka 2005 Bunge likafanya viwango vya uthabiti wa gridi kuwa lazima kwa wote, mashirika ya umma yakiwemo. Mahakama ya rufaa ya Washington iliamua 2014 kwamba taasisi za shirikisho haziwezi kutozwa faini ya fedha. Wajibu wa kufuata viwango ulibaki palepale, na shirika la mji halikupewa kinga hiyo.

Kiwango cha upangaji ni TPL-001. Hakikuambii laini ipite wapi. Kinakutaka kila mwaka uonyeshe kwamba mfumo utastahimili miaka 1 hadi 5 ijayo, kisha 6 hadi 10, mahitaji yakiwa kileleni, na kwa ile mitano ya kwanza yakiwa chini pia. Unaujaribu kwa makundi ya matukio yaitwayo P0 hadi P7: kifaa kimoja kikitoka kazini, breka (swichi ya kukata umeme) ikigoma kufunguka, sakiti mbili za mnara mmoja zikianguka pamoja.

Hapa ndipo watu wanapoteleza. Chukua kituo chenye transfoma mbili za kilovolti 230/115, upande wa 115 ukisaidiwa na laini mbili kutoka kituo jirani. Transfoma moja ikitoka, ukarekebisha mfumo, kisha ya pili ikatoka, hilo ni P6: laini za 115 zikizidiwa unaruhusiwa kuwakatia baadhi ya wateja. Sasa uliza: transfoma ya akiba ipo? Kama haipo, na mpya huchukua mwaka au zaidi kufika, kiwango kinakutaka uchunguze mfumo ukianza bila transfoma hiyo. Kutoka kwa ile ya pili kunageuka P1, yaani kifaa kimoja tu kutoka, na kwenye P1 huruhusiwi kukata wateja ila kwa masharti finyu sana. Vifaa ni vilevile na hitilafu ni ileile. Kilichobadilisha hukumu ni kilichomo au kisichomo ghalani. Kununua transfoma ya akiba kunaweza kuwa nafuu kuliko kuimarisha laini mbili, lakini mpangaji asiyeongea na watu wa ghala hatalijua hilo.

Vitabu havisemi wazi jinsi majibu yanavyotegemea makadirio ya mahitaji. Kituo kimoja cha data kinachoomba megawati 200 hugeuza matokeo ya mwaka wa tano, na hakuna fomula ya kuamua kama mwombaji atajenga kweli. Tunakisia. Mifano ya kompyuta ya vibadilishi (inverter) vya umeme wa jua nayo siiamini kama ninavyoiamini ile ya jenereta za maji.

Tathmini ikikamilika una siku 90 kuwapelekea wapangaji wa mifumo jirani. Wakiandika maoni, una siku 90 nyingine kuwajibu kwa maandishi. Jirani ndiye huona kwanza kwamba laini zake mbili za 115 umezihesabu kama msaada wako wakati yeye amepanga kuzizima kwa matengenezo.