Kabla hujampokea mtoto wa kwanza, piga magoti

Kazi yangu ni kuwafundisha walezi wa nyumbani, yaani wale wanaopokea watoto wa wenzao na kukaa nao mchana kutwa chini ya paa lao wenyewe. Wengi wanaonijia wamekwisha kulea watoto wao na kuwaona wakiwa watu wazima, na wanajiamini, wana haki. Lakini nyumba uliyoizoea huioni tena. Ndiyo maana siku ya kwanza daftari zinabaki kwenye mikoba. Tunatambaa.

Tunaanzia mlangoni hadi jikoni, viganja sakafuni, tukitazama kile anachokiona mtoto wa miezi 8. Waya wa pasi unaning'inia. Ndoo ya kudekia ina maji ya sentimita chache, na hayo yanatosha kumzamisha mtoto aliyetumbukia kichwa chini. Mama mmoja aliyelea wanne alitoka chini ya kochi ameshika betri ya rimoti, ile ya duara iliyo bapa kama kifungo. "Kumbe ilikuwa hapa! Tumeitafuta sana hii." Nikamwambia aiweke kiganjani, sote tuitazame. Betri hiyo ikikwama kwenye umio, yaani njia ya chakula, umeme wake huanza kuunguza nyama, na ndani ya saa 2 jeraha linaweza kuwa baya mno. Ukishuku tu kwamba mtoto kaimeza, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama anacheka.

Ugumu hasa wa kulea nyumbani ni watoto wa rika mbalimbali. Kituo kikubwa huweza kuwatengea wachanga chumba chao. Kwako wewe, wa miezi 7 na wa miaka 5 wako mkeka mmoja, na shanga anazotunga mkubwa ndizo atakazotia mdogo kinywani. Walezi wengi hukimbilia kuondoa vyote vidogo, na mkubwa anabaki hana la kufanya siku nzima. Simkubalii mtu suluhisho hilo. Mkubwa naye ni wako. Mpe meza ambayo anayetambaa haifikii, mhesabu pamoja: shanga 20 zimetoka, shanga 20 zirudi kwenye kopo. Kazi za vitu vidogo zipangie saa ambayo mchanga amelala.

Kisha nawapa zoezi la moto. Naweka midoli sita vyumbani, mitatu ikiwa ya wachanga, napuliza filimbi, mlezi awatoe wote nje. Mikono ni miwili tu. Nimeona mtu akisimama katikati ya chumba, mdoli kila upande, akimtazama wa tatu kitandani. Baada ya hapo hakuna anayeniuliza kwa nini sheria hubana idadi ya wachanga, na kwa nini wanao mwenyewe wadogo mara nyingi huhesabiwa humo humo.

Ubishi mkubwa unakuja kwenye usingizi. Kanuni ni hii: hadi mwaka 1, mtoto alazwe chali kila anapolala, juu ya godoro gumu na bapa, bila mto, bila blanketi, bila mdoli. "Akicheua si atapaliwa?" Naulizwa kila mara, na ni swali la mtu anayejali. Nachora kwenye karatasi. Mtoto akiwa chali, njia ya hewa iko juu na umio uko chini yake, kwa hiyo alichocheua kingelazimika kupanda ndipo kiingie kwenye njia ya hewa. Akilala kifudifudi mambo yanageuka.

Huduma ya kwanza haisomwi, inafanywa hadi mikono izoee. Mchanga aliyekabwa na asiyeweza kulia wala kukohoa: mapigo 5 mgongoni kichwa kikiwa chini, kisha misukumo 5 kifuani. Kamwe usimminye tumbo, utaumiza ini. Akizimia na kuacha kupumua, mwite mtu apige simu ya dharura huku wewe unasukuma kifua mara 30 kisha unampulizia pumzi 2, kasi ya kusukuma ikiwa 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kikizama kama sentimita 4. Karibu kila mwanafunzi husukuma kidogo mno, kwa huruma.

Usalama peke yake, hata hivyo, haulei mtoto. Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia, katika mwongozo wao wa 2018, waliweka pamoja na usalama mambo mengine 4: afya, lishe, kujifunza mapema, na malezi yanayomwitikia mtoto. Hili la mwisho nalifundishia kwenye nepi. Mkono mmoja haumwachii mtoto, macho kwa macho, na unamwambia, "Sasa nainua miguu." Unangoja. Akitoa sauti, mjibu.

Karatasi ni chache: mkataba, kibali cha dawa kilichoandikwa na mzazi, daftari la kuingia na kutoka, na orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Hiyo orodha usiilegeze. Akija mjomba jioni na jina lake halimo, mtoto hatoki, hata kama anamrukia kwa furaha. Mkaribishe kwa adabu asubiri, kisha mpigie mzazi kwa namba iliyo kwenye fomu yako, si ile anayokutajia mgeni mlangoni.