Tapeli Haulizi Vipimo

Mchonga milango wa Langoni anapata ujumbe kwenye Instagram. Bwana mmoja anayejitambulisha kuwa mhandisi wa Uingereza amezipenda picha za kazi zake. Anataka mlango wa nakshi, zawadi kwa mkewe kwa kutimiza miaka 20 ya ndoa. Anatajiwa Sh250,000, anakubali papo hapo.

Hapo pa kwanza pa kushtuka, maana mnunuzi wa mlango asiyeomba kupunguziwa hata kidogo ni nadra hapa Lamu. Lakini tuendelee. Mfano huu nimeubuni, ila vipande vyake vinatoka kwenye malalamiko ya aina tunayoyapokea dawati la ulaghai la benki ninapofanya kazi.

Hundi inafika, na ni ya Sh400,000. “Samahani fundi, karani wangu amekosea. Iweke benki, chukua chako, hiyo 150,000 iliyobaki mtumie wakala wa meli atakayeuchukua mlango. Ana haraka sana.” Fundi anaiweka. Salio linapoonekana, anamtumia wakala pesa kwa M-PESA, kidogo kidogo mpaka zinatimia. Wiki kadhaa baadaye hundi inarudi: ni ya bandia. Benki inaziondoa zile 400,000 zote, na fundi anabaki na deni kwa pesa ambazo hakuzila.

“Lakini pesa niliziona kwa macho yangu!” Ndiyo, aliziona. Alichokiona ni salio. Hundi ni ahadi iliyoandikwa kwenye karatasi, na benki yako inaweza kuonyesha kiasi chake kabla benki iliyoitoa haijakubali kulipa. Hundi ya humu nchini hukamilika haraka. Ya ng'ambo husafirishwa mpaka kwa benki iliyoitoa, na jibu linaweza kuchukua wiki nyingi. Tapeli anaujua mwanya huo kuliko wateja wetu wengi, ndiyo maana wakala wake ana haraka siku zote: M-PESA huondoka kwa sekunde, hundi hurudi kwa wiki. Ukifika kaunta, usiulize kama pesa imeingia. Uliza kama hundi imeshalipwa kabisa na haiwezi tena kurudi. Na malipo yakizidi bei, usirudishe wewe tofauti wala kumpelekea mtu wa tatu. Kataa malipo yote, yarudi yalikotoka kwa njia ile ile, kisha mteja alipe upya kiasi sahihi. Mteja wa kweli atanung'unika kidogo, atalipa. Mwingine hutamsikia tena.

Mchezo huu una mavazi mengi. Mpiga picha wa Shela huambiwa picha yake itachorwa ukutani ughaibuni, kisha aombwe kumlipa mchoraji kutoka kwenye malipo yake. Mwingine hupokea barua pepe ikidai PayPal imezishika pesa zake mpaka kwanza atume kitu fulani. Fungua programu yako mwenyewe uangalie, usibonyeze kiungo cha barua hiyo. Ujumbe wa M-PESA pia hughushiwa. Ukitoka kwa namba ya simu ya mtu badala ya jina la MPESA, ujue umetungwa. Kabla ya kukabidhi mzigo, angalia salio kwa *334#, usitegemee ujumbe.

Sasa nije kwenye dawa ninayoiamini zaidi, na haihitaji utaalamu wa kompyuta. Mtu anayetaka mlango ana ukuta, na ukuta una nafasi yenye urefu na upana. Atauliza mbao ni mvule au mbambakofi, nakshi ziishie kwenye mfaa (ule mti wa katikati ya mlango) au zifike mpaka kwenye fremu, kazi itachukua miezi mingapi. Anayemtaka mchora hina atataja siku ya harusi, mikono tu au na miguu, hina nyekundu au piko. Tapeli hayamhusu hayo. Maneno yake yote yanahusu malipo: jina lako kamili, benki yako, lini utaweka hundi. Basi mwulize wewe: “Nafasi ya mlango ina upana gani, na ukuta una unene gani?” Akiruka swali mara mbili, kazi hiyo haipo.

Akisema ni wa hoteli fulani, tafuta namba ya hoteli mwenyewe, upige, umwulizie. Picha yake ya wasifu ipitishe kwenye utafutaji wa picha wa Google. Na usiguse ubao kabla ya arbuni kuingia.

Wanaoahidiwa kazi za kupiga ala au kupamba maharusi Dubai, Muscat na Doha, Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ina orodha ya mawakala waliosajiliwa. Iangalie kabla ya kumpa mtu pasipoti, na kabla ya kulipa “ada ya mafunzo”.

Kuna kazi moja mbaya kuliko zote, nayo haikuibii hata senti: kupokea malipo ya “kampuni” kwenye akaunti yako, ukate asilimia 10, zilizobaki uzipeleke mbele. Mara nyingi pesa hizo zimeibwa kwa mtu mwingine. Kenya ina sheria dhidi ya utakatishaji wa fedha tangu 2009, na jina litakalosomwa kwenye akaunti ni lako.

Ikiwa umeshatuma, usione haya, na usifute mazungumzo. Pigia benki yako saa hiyo hiyo. Kama ni M-PESA, peleka ule ujumbe wa muamala kwa 456. Mpokeaji akiwa hajazitoa, huenda zikazuiwa. Nenda kituo cha polisi upewe namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio, kwa sababu utapeli wa mtandaoni ni kosa chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018. DCI, idara ya upelelezi wa jinai, nao wana namba ya bure, 0800 722 203.

Halafu kaa chonjo kwa wiki chache. Atatokea mtu, pengine akijiita mpelelezi, anayejua kiasi hasa ulichopoteza na anayeweza kukurudishia kwa ada ndogo tu. Jiulize amekijuaje kiasi hicho.