Kuondolewa figo moja: maswali kabla na baada ya kisu

Kwa nini daktari aitoe figo nzima?
Kwa watu wazima, mara nyingi ni saratani. Kwa watoto, hasa walio chini ya miaka 5, ni uvimbe wa Wilms, saratani ya figo ya watoto: mama anamwogesha mtoto, anaona tumbo limejaa upande mmoja, na mtoto wala halii. Usilibonyezebonyeze tumbo hilo, uvimbe unaweza kupasuka. Kuna pia figo iliyozibwa na mawe hadi ikajaa usaha, iliyoharibiwa na kifua kikuu, au iliyopasuka kwa ajali ya boda boda. Hiyo ya ajali aghalabu hupona kwa kulazwa na kupimwa damu mara kwa mara. Figo hutolewa pale tu damu inapokataa kukatika.

Wengine hutoa figo kumpa ndugu mgonjwa. Hospitali ya Mulago, Uganda, ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Desemba 2023, na sheria ya viungo ya mwaka huohuo inakataza kuiuza.

Vipimo gani hutangulia?
Anza na figo itakayobaki. Takriban mtu 1 kati ya 1,000 amezaliwa na figo moja tu bila kujua. Kipimo cha kreatinini (taka ya damu ambayo figo huichuja) peke yake hakitoshi, kwani figo moja nzima huweza kuificha iliyokufa. Ndiyo maana hutakiwa ultrasaundi na mara nyingi CT, yaani picha za eksirei za kompyuta. Damu ya akiba huwekwa tayari. Upande wa kukatwa uwekewe alama kwa kalamu ukiwa macho, nawe uutaje kwa kinywa chako.

Ndani ya chumba cha upasuaji?
Nusukaputi, unalazwa ubavu, mkato chini ya mbavu, saa 2 hadi 4. Ateri hufungwa kwanza, vena baadaye. Ukigeuza, damu inaingia isipate pa kutokea, figo inavimba na kuvuja. Mwisho hukatwa mrija unaoshuka kwenye kibofu. Utando wa pafu uko karibu hapo na huweza kutoboka, kwa hiyo ukihisi pumzi fupi sema mara moja.

Nikirudi nyumbani?
Ukiogopa maumivu ukapumua juujuu, unaweza kupata nimonia. Kumbatia mto unapokohoa, na anza kutembea siku ya pili. Jerikeni ya lita 20 ni kilo 20: iache wiki 6, pamoja na jembe, la sivyo ubavu unaweza kutokeza ngiri. Homa, usaha, au mguu mmoja kuvimba ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyohiyo.

Figo moja inatosha?
Kwa mtu aliyekuwa mzima, ndiyo. Hukua kidogo, na baada ya miezi hufanya takriban asilimia 70 ya kazi ya zile mbili. Pima presha, protini ya mkojo na kreatinini kila mwaka. Diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa uziepuke, uliza parasetamoli. Kujilazimisha kunywa maji lita tano hakuna faida.

Nitajuaje kama niliibiwa figo?
Figo haitoki bila kovu. Hata ikitolewa kwa kamera, lazima kuwe na mkato wa sentimita kadhaa wa kuipitisha. Ultrasaundi ikionyesha figo moja na mwili hauna kovu, huenda ulizaliwa hivyo, au ya pili imesinyaa au haikukaa mahali pake, omba CT.