Je, Wajua? Kwa Nini Jani la Uzi Husimama Juu ya Kitambaa Bila Kushonewa

Mgeni anayeingia katika sebule nyingi za Moshi hukuta vitambaa vimetandikwa juu ya meza ndogo na kwenye migongo ya makochi, na kwa kawaida maua yaliyodariziwa juu yake hulala bapa, kana kwamba yamechorwa kwa kalamu. Mara mojamoja, hata hivyo, hukutana na ua la namna nyingine. Petali zake zimeinuka. Ukizipitishia kidole, ncha zake zinanyanyuka, na ukichungulia chini yake unaona kitambaa kitupu kisicho na pigo hata moja la sindano. Kila petali imeshikwa kwenye shina lake tu, na sehemu nyingine yote iko hewani. Uzi ni kitu laini kisichoweza kusimama chenyewe. Unapata wapi basi uthabiti wa kusimama kama jani la mmea?

Jibu ni kwamba jani hilo halikushonwa, lilifumwa. Katika mazungumzo ya kila siku neno kufuma tunalitumia kwa kazi nyingi, iwe sweta, mashuka au vitambaa vya makochi, lakini hapa nalichukua kwa maana yake ya zamani, ile ya mfumaji wa nguo. Mfumaji huanza kwa kutanda nyuzi za urefu na kuzikaza. Hizo huitwa mtande. Kisha hupitisha uzi mwingine kwa upana, juu ya mmoja na chini ya mwingine, akienda na kurudi. Huo huitwa mshindio. Nguo yoyote iliyofumwa hushikana kwa sababu mtande na mshindio hubanana pale vinapopishana. Jani la uzi ni nguo kamili ya namna hiyo, ila ni nguo yenye upana wa sentimita 1 na urefu wa sentimita 2, iliyofumwa kwa sindano juu ya kitambaa ambacho chenyewe kimegeuzwa kuwa kitanda cha mfumaji, yaani fremu anayotandia nyuzi zake.

Nililielewa jambo hili mikononi kabla ya kulielewa kichwani. Ilikuwa Julai, miezi ile ambayo mawingu huufunika mlima siku nzima na watu wa Moshi hawatoki bila sweta, nami nilikuwa mtaa wa Pasua, nyumbani kwa mama mdogo, ambaye alikuwa akidarizi kitambaa cha meza kwa ajili ya sendofu ya binti yake. Alikuwa amekiwamba kitambaa cheupe cha pamba kwenye fremu ya mviringo, kikakaza kama ngozi ya ngoma. Akachukua pini ndefu ya mtandio yenye kichwa cha shanga, akaichomeka mahali alipotaka ncha ya jani iwe, akaipitisha chini ya kitambaa na kuitokeza tena karibu na shina, kichwa cha pini kikabaki juu. Kisha akatoa uzi kutoka chini, upande wa kushoto wa shina, akauzungusha nyuma ya kichwa cha pini na kuurudisha chini upande wa kulia. Akautoa tena katikati ya shina, akauzungusha kwenye pini mara ya pili. Zilikuwa nyuzi tatu zilizotandwa, zimepanuka chini na kukutana juu, mfano wa hema dogo.

Nyuzi hizo tatu ndizo mtande, na pini ndiyo inayoushikilia kwa muda. Kitambaa hakibebi jani. Kinabeba ncha za mtande pale shinani tu. Ndiyo maana mwanzo wa kazi yote ni kukiwamba kitambaa vizuri, kwani kikiwa kimelegea, mtande unapovutwa shina hujikunja, zile pointi tatu husogeleana, na jani huzaliwa likiwa na kiuno chembamba pale linapopaswa kuwa pana.

Baada ya hapo sindano haikichomi kitambaa tena mpaka mwisho. Kuanzia nchani, chini kidogo ya kichwa cha pini, uzi hupita chini ya uzi wa pembeni, juu ya ule wa katikati, na chini ya ule wa pembeni ya pili. Katika kurudi ni kinyume: juu, chini, juu. Kila baada ya mistari miwili au mitatu, mfumaji huutumia mwili wa sindano kuisukuma mistari kuelekea nchani ili ibanane. Mtu aliyewahi kumtazama msuka mkeka akiubana ukili kwa kidole gumba ataitambua ishara hiyo mara moja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la sindano. Nilitumia ile kali niliyozoea kudarizia, na kila niliposogea, ncha yake ilipita katikati ya uzi wa mtande badala ya kupita chini yake. Uzi wa kudarizi unaouzwa katika vishada madukani una nyuzi ndogo sita zilizolala pamoja bila kusokotwa kwa nguvu, hivyo ncha kali huzitenganisha kwa urahisi. Mstari uliopita katikati ya uzi hauwezi tena kusukumwa; umefungwa hapohapo, na juu yake hubaki tundu.

“Mama mdogo, mbona inanasa?”

“Igeuze hiyo sindano, mwanangu. Tanguliza tundu.”

Niligeuza, nikatanguliza upande wa tundu, ambao ni butu, na sindano ikateleza chini ya nyuzi bila kuzigusa. Baadaye nilinunua sindano butu ya kushonea sweta, ambayo ndiyo hasa inayofaa, lakini ushauri wa kutanguliza tundu bado nautumia ninapokuwa na sindano moja tu mkononi. Kuhusu uzi, ninaupendelea ule mnene uliosokotwa kuwa uzi mmoja wa duara, kwa sababu hautengani na mistari yake huonekana mmojammoja. Nyuzi sita zisizosokotwa hutoa jani laini zaidi lenye mng’ao, ila hudai subira. Jambo ambalo halina mjadala ni urefu. Jani moja linapaswa kufumwa kwa kipande kimoja cha uzi tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa hewani hakuna mahali pa kufichia kifundo. Kwa jani la sentimita 2 mimi hukata uzi wa sentimita 60, na hubaki wa kutosha kufungia upande wa nyuma.

Sehemu ngumu zaidi, na ndiyo inayomtofautisha mzoefu na mwanafunzi, ni mkazo wa mshindio. Nchani nyuzi tatu zimesongamana, na mkono huvuta bila kufikiri. Kadiri unavyoshuka, mtande unapanuka, na mkono ule ule ukiendelea kuvuta kwa nguvu ile ile, pembe za jani huingia ndani na umbo la pembetatu hupotea. Dawa yake ni kuuacha uzi ulale katika upana wake wenyewe, kuusukuma juu kwa sindano, na kutouvuta zaidi ya pale unapogusa uzi wa pembeni. Kwa maneno mengine, jani hubanwa kutoka chini kwenda juu na kamwe halibanwi kutoka pembeni kwenda katikati. Nilifuma majani kadhaa kabla vidole vyangu havijakubali tofauti hiyo, na naamini hakuna maelezo yanayoweza kuchukua nafasi ya majani hayo.

Sasa tunaweza kulijibu swali la kusimama. Mistari iliyobanwa sawasawa haina nafasi ya kusogea. Kila mmoja unamsukuma mwenzake, na mtande ulio ndani yake umezungukwa pande zote. Uzi mmoja hupinda kwa uzito wake, lakini nyuzi nyingi zilizobanana namna hii hufanya kipande kigumu kinachostahimili kupindwa, kama mkeka usivyokunjika upesi ingawa ukindu mmoja ni mwororo. Ncha nayo haifumuki hata baada ya pini kutolewa, kwa kuwa vitanzi vilivyokuwa vimeizunguka pini vimekamatwa na mistari ya kwanza ya mshindio. Mfumaji anapofika shinani huchoma sindano chini, hufunga uzi nyuma, kisha huvuta pini. Hapo ndipo penye raha ya kazi hii. Pini inateleza, ncha inabaki bila kitu cha kuishika, nawe unaingiza kucha chini ya jani na kulinyanyua taratibu, nalo linabaki pale ulipoliacha. Unaweza kulipinda ncha, kulisokota kidogo, au kulishikiza kwa pigo moja dogo likae limekunjika.

Mapambo ya kuinuka namna hii yana historia ndefu. Katika Uingereza ya karne ya 17, wanawake na wasichana wa nyumba zenye uwezo walipamba visanduku na fremu za vioo kwa majani, matunda, wadudu na sanamu ndogo za watu zilizojitokeza juu ya satini. Nchini Uturuki pindo za mitandio hupambwa kwa maua madogo ya sindano yaitwayo oya, na darizi inayohusishwa na Brazili hutumia nyuzi za rayoni zenye kung’aa kuinua petali.

Kuna ndugu wa karibu wa mshono huu, waridi la kufuma, na ndilo ninalowashauri wanaoanza walitangulize, kwa sababu linafundisha mdundo wa juu na chini bila tatizo la pini. Unachora duara, unapiga nyuzi tano kutoka katikati hadi ukingoni kama spoku za baiskeli, kisha unazunguka kuanzia katikati, juu ya moja, chini ya inayofuata, mpaka spoku zote zifichike. Mistari hupandiana na kufanya kichuguu chenye sura ya waridi. Hapa hujitokeza swali ambalo wanafunzi wengi huuliza: kwa nini tano, kwa nini si nne au sita? Fuatilia spoku moja tu. Ukiwa na tano, katika mzunguko wa kwanza unapita juu ya ya kwanza, chini ya ya pili, juu ya ya tatu, chini ya ya nne, juu ya ya tano. Zamu inayofuata ni ya chini, nayo inaangukia ile ya kwanza uliyokuwa umepita juu yake. Kila spoku hupishana na uzi juu na chini kwa zamu, na kazi inafungamana. Ukiwa na sita, zamu ya juu inarudi kwenye spoku ile ile kila mzunguko. Tatu zitabaki zimefunikwa daima na tatu zitabaki wazi daima, na uzi utajikusanya bila kufuma chochote. Saba au tisa zinafaa kama tano. Katika jani sharti hili halipo, kwa sababu hatuzunguki bali tunageuka pembeni na kurudi, na kugeuka huko kwenyewe hubadilisha zamu. Nyuzi tatu huchaguliwa kwa kuwa huacha uzi mmoja katikati, mfano wa uti wa jani. Kwa petali pana waweza kutanda tano.

Watu hupenda kufuma mawaridi, na si ajabu, lakini kwa anayeishi chini ya Kilimanjaro nadhani mshono huu una maua yake halisi. Ua la kahawa ya arabika lina petali tano nyeupe, nyembamba, zenye ncha na zilizotengana, na hilo ndilo umbo hasa ambalo pini na nyuzi tatu hutoa. Nilifuma moja kwa kuweka tawi la kahawa mbele yangu: petali tano zenye urefu wa sentimita 1.5, mashina yake yakikutana mahali pamoja, na katikati vifundo vichache vya rangi ya krimu. Kando yake nilifuma jani refu la isale, mmea unaowekwa mpakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, na ambao Wachaga huutumia kuombea msamaha. Jani hilo lilinipa kazi zaidi ya ua zima, kwa maana urefu wa sentimita 4 na shina la milimita 6 havisamehe mkono unaovuta.

Wapo wanaouliza kama mashine haiwezi kuifanya kazi hii. Cherehani hufungamanisha uzi wa juu na wa chini ndani ya kitambaa chenyewe, kwa hiyo pasipo kitambaa haina pa kufungia. Mashine za kudarizi zinaweza kushona ua la kujitenga juu ya utando unaoyeyuka majini, na maua hayo ni mazuri, lakini ni mishono iliyolundikana juu ya mishono. Ukiyakagua kwa karibu hutaona mtande wala mshindio.

Chagua mahali pa kuliweka ua lako la kufuma. Kwenye foronya, chini ya shavu la mtu aliyelala, petali za kuinuka huumiza na huchakaa. Kwenye pembe za kitambaa cha meza, au kwenye pindo la shuka linalokunjwa mbele, hudumu. Kitambaa kifuliwe kwa mkono bila kukamuliwa kwa kusokota, kisha kipigwe pasi upande wa nyuma, maua yakiwa yameangalia chini juu ya taulo nene. Petali zilizolala baada ya kufua hunyanyuliwa kwa kucha kitambaa kikiwa bado na unyevu kidogo, moja baada ya nyingine, na huachwa zikauke zikiwa zimesimama.