Usifungue sili: ushauri kwa wanaosambaza barua pepe

Chukulia chama cha mawakala wa kupitisha mizigo hapa Mombasa. Kina anwani moja ya pamoja. Barua ikifika hapo, wanachama wote wanatumiwa; mpango huo huitwa orodha ya barua pepe. Mwenzao akiandika kutoka Yahoo, wenye Gmail hawaoni kitu. Lawama zote huenda kwa intaneti, kumbe tatizo liko kwenye seva ya chama chenyewe.

Seva inayopokea barua hukagua mambo mawili. SPF huangalia kama seva iliyoileta imeruhusiwa na mwenye kikoa, yaani jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani. DKIM ni sahihi ya kidijitali, na hufanya kazi kama sili ya kontena: litoke Kilindini lifike Nairobi kwa lori la yeyote, sili ikiwa nzima hakuna neno. DMARC, sera anayoitangaza mwenye kikoa, hudai angalau kimoja kati ya hivyo kipite, tena kwa kikoa kilekile kinachoonekana kwenye anwani ya mwandishi. Mwaka 2014 Yahoo ilitangaza sera ya kutaka kila barua yenye anwani ya Yahoo isiyotimiza sharti hilo ikataliwe, na orodha nyingi duniani zikavurugika. Baya zaidi, programu za orodha zilidhani barua zilizorudishwa ni dalili ya anwani zilizokufa, zikawafuta wanachama wasio na hatia.

Kwa anayepitisha barua tu, SPF ya mwandishi huvunjika, maana seva iliyoileta sasa ni yako. Mbinu ya SRS huandika upya anwani ya bahasha (ile ya kurudishia barua isiyofika) ili SPF ipite kwa kikoa chako. Inafaa, ila DMARC haitosheki nayo. Kinachookoa ni DKIM, kwa hiyo usiguse kichwa cha habari, maandishi wala viambatisho. Zile programu zinazobandika “imekaguliwa, haina virusi” chini ya kila barua mimi ningezizima leo. Na chuja barua taka kabla ya kuzipitisha, la sivyo sifa mbaya itakuwa yako.

Orodha ina kishawishi kikubwa zaidi: kuongeza jina la chama kwenye kichwa cha habari na namba za ofisi chini. Ningeshauri kuyaacha hayo. Utambulisho wa orodha una nafasi yake katika List-Id, mstari wa maelezo ya barua ambao kwa kawaida msomaji hauoni. Kama ni lazima, basi barua itoke kwa anwani ya orodha yenyewe, “Fulani kupitia Chama”, itiwe sahihi ya DKIM ya chama, na anwani ya mwandishi iwekwe mahali pa kujibu. Mailman, programu ya kuendesha orodha, ina mpangilio huo tayari.

Ipo pia ARC, iliyochapishwa 2019, inayohifadhi matokeo ya ukaguzi wa kwanza kabla orodha haijabadilisha chochote. Iwashe, lakini usiitegemee peke yake: anayepokea ndiye anayeamua kama anakuamini.

Ukishamaliza, pitia majina yaliyofutwa na programu na uyarudishe. Huenda wapo wasiojua kwamba hawamo tena.