Taa ya betri haisemi kwamba betri imekufa

"Fundi, nifungie betri mpya, taa imewaka tangu jana."

Maneno hayo hapa Malindi nayasikia karibu kila siku, na mwezi huu yamenichosha. Aliyenichosha zaidi ni mwalimu mmoja wa Mambrui. Taa nyekundu ilimwakia kwenye dashibodi, akaenda dukani moja kwa moja, akanunua betri na kuifunga mwenyewe. Gari lilishika kwa stata moja. Taa haikuzimika, lakini kwa vile injini ilinguruma vizuri akaiacha, akaenda zake Kilifi mazishini. Usiku akirudi, kufika Gede taa kubwa zikaanza kufifia, waipa zikawa zinajikokota, mara injini kimya. Asubuhi aliletwa kwangu akivutwa kwa kamba, na alichotaka si gari litengenezwe. Alitaka nimshuhudie kwa muuzaji kwamba betri ni feki.

Niliichaji ile betri, nikaiacha itulie, nikaipima: volti 12.6. Nzima kabisa.

Jamani, taa ile ina picha ya betri lakini habari yake ni ya chaji. Betri ni mtungi; alteneta, ile mashine inayozalisha umeme injini ikizunguka, ndiyo mfereji. Taa inawaka kwa sababu mtungi unachotwa na mfereji haumwagi kitu. Ukileta mtungi mpya, utachota mpaka ukauke, basi. Ndiyo maana betri mpya humdanganya mtu kwa saa moja au mbili, halafu ikamwacha kizani.

Kupima kwa mita ya volti hakuna siri. Gari likiwa limelala, betri iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi; 12.2 ni nusu. Chini ya 12 haina kitu. Washa injini. Mita inapaswa kupanda mpaka kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na kuendelea kushuka huku injini inanguruma, ondoa mkono kwenye betri, tatizo liko kwingine. Ikipita 15, regyuleta inayozuia chaji isizidi imekufa na betri inachemshwa. Utasikia harufu ya mayai viza.

Kabla ya yote angalia mkanda unaozungusha alteneta. Ukiwa umelegea, umepasuka au umeng'aa kama kioo, unateleza, na asubuhi utausikia ukilia. Wa mwalimu ulikuwa sawa, kwa hiyo nilishusha alteneta nikaifungua mezani, yeye kasimama kando. Kaboni moja, kijipande kinachopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, ilikuwa imelika ikabaki kama punje ya mchele. Springi ilikuwa inaisukuma, lakini haifiki tena kwenye pete ya shaba. Nilimtilia kwenye kiganja aione. Nikafunga kaboni mbili mpya, nikasafisha pete, nikarudisha alteneta. Mita ikasoma 14.2, taa ikazimika, na ile betri "feki" ndiyo anayotembelea.

Sisi wa pwani tuna jingine: chumvi. Waya unaweza kung'aa kwa nje na ndani umeoza, kijani tupu. Injini ikiwa imewashwa na taa kubwa zinawaka, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya alteneta inakotoka chaji, nyingine kwenye chanya ya betri. Ikisoma nusu volti au zaidi, chaji inapotelea njiani, na alteneta unayotaka kuitupa haina kosa. Mimi kila mteja namwambia, na nitaendelea kumwambia: upepo wa kusi ukikatika, fungua waya wa hasi pale unapofungwa kwenye bodi, sugua mpaka chuma kionekane, funga, paka grisi. Ukoga mweupe wa kwenye vichwa vya betri uoshe kwa maji moto na magadi. Soda ya chupa inaondoa ukoga na kuacha sukari.

Wengine husema, chomoa waya wa betri injini ikinguruma. Likizima, alteneta ni mbovu. Acheni kabisa! Ukichomoa, umeme huruka ghafla, ukaunguza diodi za alteneta, zile zinazougeuza umeme wake uweze kuingia kwenye betri, au kompyuta ya gari. Mita ndogo ingekujibu bila hasara.

Betri ikipungukiwa maji, usiongeze asidi. Kinachopotea kwa joto ni maji, asidi imebaki humo humo. Ongeza maji yaliyotoneshwa (distilled water).

Wengine huniambia, "Taa inawaka kwa mbali tu, si neno." Ni neno. Mara nyingi ni diodi imeanza kufa.

Na yule anayejisifu kwamba taa yake haiwaki kamwe, ageuze swichi bila kupiga stata. Hapo lazima iwake. Isipowaka, huenda balbu imeungua, na katika magari mengi ya zamani umeme wa kuiamsha alteneta hupitia kwenye balbu hiyo hiyo. Balbu imekufa, chaji nayo haiji, na hakuna wa kukuonya.

Ikikuwakia njiani, tazama kwanza mshale wa joto. Kwenye magari mengi mkanda ule ule ndio unaozungusha pampu ya maji. Joto likipanda, simama hapo hapo. Joto likiwa shwari, zima eesi, redio na chaja ya simu, wala usizime injini, kwa maana huenda isiwake tena. Mchana unaweza kusogea mpaka kwenye gereji ya karibu. Usiku ni shughuli nyingine. Kutoka Garsen kuja Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na taa kubwa zitaimaliza betri kabla hujauona mto Sabaki. Lala Garsen, betri ichajishwe usiku, uondoke asubuhi jua likishatoka.